Cc Ngapi, Farasi Wangapi? Hesabu ya Nguvu ya Injini kutoka Ahero hadi Timboroa

Mjomba wangu analima mpunga Ahero, kwenye kipande cha mwisho wa mfereji ambako maji hufika yakiwa kidogo na kwa kuchelewa. Msimu huu hakusubiri zamu. Alikwenda Kisumu akajinunulia pampu ya petroli. Stika nyekundu ya ubavuni ilisema 7.5 HP, yaani nguvu ya farasi saba na nusu, na chini ya tangi la mafuta kulikuwa na maandishi madogo: 196 cc. Jirani yake ana pampu ya kampuni nyingine, nayo ni 196 cc vilevile, ila imeandikwa 5.5. Usiku huo akanipigia simu hapa Nakuru.

"Mpwa wangu, wewe ndiye umekaa na mainjini. Ukubwa ni uleule. Hawa farasi wawili wa kwangu wametoka wapi?"

Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja, lakini nilitaka apate hesabu atakayoweza kuifanya mwenyewe akiwa amesimama dukani. Hesabu yenyewe ipo, na haihitaji zaidi ya kuzidisha. Kinachohitaji subira ni kuelewa kwa nini inafanya kazi, maana ukiikariri bila kuielewa itakudanganya mara ya kwanza utakapokutana na turbo au na mlima.

Hapa Kenya tunazijua cc kuliko tunavyowajua farasi. Logbook inaandika cc. Ushuru wa magari yanayoagizwa hupangwa kwa cc, na mpaka wa 1500 unajulikana hata na mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Ndiyo maana mtu akiuza gari husema "ni 1500" na mnunuzi hutikisa kichwa kana kwamba ameambiwa nguvu. Hajaambiwa nguvu. Ameambiwa nafasi.

Cc ni ujazo wa hewa ambayo pistoni zote zinaweza kuvuta zikishuka kutoka juu hadi chini. Injini ya 1500 cc yenye silinda nne ina nafasi ya 375 cc katika kila silinda, kidogo kuliko chupa ya soda ya nusu lita. Sasa fikiria watoto wawili waliotumwa mtoni kuchota maji. Mmoja ana debe la lita 20, mwingine ana kidumu cha lita 5. Nani atajaza pipa kwanza? Bado huwezi kusema. Mwenye debe anatembea akipumzika, mwenye kidumu anakimbia kwenda na kurudi. Kabla ya kujibu, lazima uulize wanakwenda mtoni mara ngapi kwa saa, na kama vyombo vyao vinarudi vimejaa au nusu. Ukubwa wa chombo ni cc. Safari za mtoni ni mizunguko ya injini kwa dakika, ile rpm inayoonyeshwa kwenye dashibodi. Kujaa kwa chombo ni uzito wa hewa inayoingia kweli ndani ya silinda. Nguvu ya injini ni maji yaliyofika pipani.

Farasi mwenyewe ni kipimo tulichoachiwa na James Watt, mhandisi wa Scotland wa karne ya 18, aliyetaka kuwaeleza wenye migodi na viwanda mashine yake ya mvuke ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Kwa kipimo kinachotumiwa na Wajapani na watu wengi wa Ulaya, nguvu ya farasi mmoja ni kuinua kilo 75 kwa mita moja kila sekunde. Lipime kwa gunia letu la mahindi la kilo 90: farasi mmoja analipandisha mita moja kwa sekunde 1.2, bila kuchoka, siku nzima. Kwa umeme ni wati 735 na nusu. Farasi wa Kiingereza ni wati 746, tofauti ndogo isiyofaa kubishaniwa.

Tuchukue gari ambalo kila mtu hapa amewahi kulipanda, Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE. Ujazo wake ni 1497 cc, tuite lita moja na nusu. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6000 kwa dakika, inavuta mara 3000, lita moja na nusu kila mara: lita 4500 kwa dakika, yaani lita 75 kwa sekunde. Hewa ya pwani ina uzito wa gramu 1.2 hivi kwa lita, kwa hiyo injini inakula gramu 90 za hewa kila sekunde. Petroli huungua vizuri kwa uwiano wa gramu moja kwa gramu 14.7 za hewa. Gawanya, upate gramu 6 na kidogo za petroli kwa sekunde. Kila gramu ya petroli inabeba joto la kilojuli 43 au 44. Zidisha, na utaona kilowati 265 zinaungua ndani ya injini ndogo namna hiyo.

Lakini sehemu kubwa inapotea. Joto linatoka kwa eksozi, linatoka kwa rejeta, linaliwa na msuguano wa pistoni na mafuta yanayozungushwa. Injini ya petroli ikikazwa hivyo inafanikiwa kugeuza takriban asilimia 30 kuwa kazi. Asilimia 30 ya 265 ni kilowati 80, na kilowati 80 ni farasi 108. Toyota wenyewe wameandika 109 kwa mizunguko 6000. Silinda halisi haijai sawasawa kila mara na uwiano wa mafuta hubadilika, kwa hiyo sidai kwamba hesabu yangu itapiga katikati kila siku. Ninachotaka uone ni kwamba hatukuanza na farasi hata kidogo. Tulianza na hewa. Petroli ni rahisi kuiongeza; hewa ndiyo yenye kikomo.

Kutoka hapo tunaweza kuyafupisha mahesabu yote hayo kuwa namba moja. Chukua lita za injini, zidisha kwa maelfu ya mizunguko ambapo injini inatoa nguvu yake ya juu, kisha zidisha kwa namba ninayoiita namba ya pumzi. Kwa gari la petroli la kisasa lisilo na turbo, namba hiyo ni 12. Probox: 1.5 mara 6 mara 12 ni 108. Vitz ya lita moja, silinda tatu, mizunguko 6000: 1 mara 6 mara 12 ni 72, na kiwanda kiliandika 71.

Pikipiki ya boda ina injini inayopoa kwa upepo, na nyingi bado zina kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kwa hiyo ipe 11. Boxer ya 150 kwa kweli ni 144.8 cc. Inazunguka hadi 7500: 0.145 mara 7.5 mara 11 inakaribia 12, na farasi 12 ndio walioandikwa. Hapa pana jambo la kustaajabisha kidogo. Ukigawanya farasi kwa lita, Boxer inatoa 83 kwa lita moja na Probox inatoa 73. Boda boda inaishinda Probox, si kwa sababu inapumua vizuri zaidi, bali kwa sababu inakimbia mtoni mara nyingi zaidi.

Dizeli isiyo na turbo, pamoja na injini ndogo za petroli za pampu na jenereta, zipe 8. Trekta la Massey Ferguson 240, lile ambalo utaliona likivuta miwa upande wa Muhoroni, lina injini ya Perkins ya silinda tatu na lita 2.5, mizunguko 2250. Hesabu inatoa 45. Kiwanda kinasema 47 hivi. Injini ya dizeli iitwayo 5L ya Hiace za zamani, ambayo ujazo wake ni lita karibu 3, mizunguko 4000, inatoa 95, na ndivyo ilivyo, farasi wasiofika 100.

Sasa weka turbo. Hiace yenye injini iitwayo 1KD ina karibu ujazo uleule wa ile 5L, 2982 cc, lakini imeandikwa farasi 136 kwa mizunguko 3400 tu. Ujazo ule, mizunguko pungufu, farasi arobaini zaidi. Ukirudi nyuma ukagawanya, namba yake ya pumzi ni 13 na ushei. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa eksozi; inashindilia hewa ndani ya silinda kuliko silinda ingeweza kuvuta yenyewe. Debe halijakua, ila limeshindiliwa. Subaru Impreza STI ya lita mbili, iliyoandikwa farasi 280 kwa mizunguko 6400, inahitaji namba 22. Nayo 280 haikuwa kikomo cha injini: watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, na makubaliano hayo yalidumu hadi mwaka 2004. Kwa hiyo anayekuambia "ni lita mbili" bila kutaja turbo hajakuambia lolote kati ya farasi 130 na 280.

Wavuvi wa Dunga, kwenye ufukwe wa ziwa pale Kisumu, wana mfano mwingine. Injini ya boti ya Yamaha ya farasi 15, ile ya mipigo miwili, ni 246 cc tu. Injini ya mipigo miwili hulipuka kila mzunguko, si kila mizunguko miwili. Mtu angetarajia nguvu maradufu, yaani namba 16 badala ya 8. Inapata 12 tu, kwa sababu sehemu ya mchanganyiko mpya wa hewa na petroli hutoroka kupitia eksozi kabla haujaungua. Harufu ile ya petroli mbichi ufukweni ndiyo hiyo.

Mpaka hapa nimekuwa nikitumia hewa ya pwani, na viwanda vyote hufanya hivyohivyo. Lakini sisi hatuishi pwani.

Hili ndilo jambo ninalolijali kuliko yote katika mada hii, kwa sababu nimeona watu wakimaliza pesa kwa kutolijua. Gari linashushwa Mombasa, linaletwa Nakuru, na mwenyewe anakuja gereji akisema limepoteza nguvu njiani. Anabadilishiwa plagi. Anabadilishiwa chujio la mafuta. Wengine wameuziwa hata pampu mpya ya petroli. Gari lilikuwa zima tangu mwanzo. Nakuru iko mita 1850 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Pistoni inashuka vilevile, ujazo ni uleule kwenye logbook, lakini kila lita ya hewa inayoingia ni nyepesi. Debe linarudi halijajaa.

Kanuni ya kukadiria ni kutoa asilimia moja kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa injini isiyo na turbo. Kisumu iko mita 1130: toa asilimia 11, na farasi 109 wa Probox wanabaki 97. Nakuru toa 18 au 19, wanabaki 89 hivi. Ukipanda kuelekea Eldoret ukafika Timboroa, karibu mita 2750, toa 27, na umebaki na 80. Gari la 1500 cc pale Timboroa lina nguvu ambayo gari la 1100 cc lingekuwa nayo ufukweni. Vitz ya lita moja inabaki na farasi 52, na ikiwa imebeba watu watano na magunia ya viazi, dereva asishangae akirudi gia ya pili. Injini haiumwi.

Kwa boda boda yenye kabureta mambo ni mabaya kidogo zaidi. Gari la kisasa lina vihisi vinavyopima hewa, na kompyuta yake inapunguza petroli hewa ikiwa nyepesi. Kabureta haina habari hiyo. Jeti yake, kile kitundu kinachopitisha petroli, ilichaguliwa kwa hewa nzito, kwa hiyo huku juu inamwaga petroli kupita kiasi. Plagi inakuwa nyeusi kama masizi ya jikoni, moshi unakuwa mweusi, na mwenye pikipiki analalamika kwamba inakunywa. Fundi anayejua kazi huweka jeti ndogo zaidi. Farasi waliopotea hawarudi wote, ila petroli inaacha kupotea bure.

Turbo ndiyo inayopona. Hewa ikiwa nyepesi, feni inazunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu. Simama kando ya barabara pale Salgaa, utazame malori yakianza kupanda kuelekea Mau Summit: lori la zamani lisilo na turbo na lori jipya lenye turbo yanaweza kuwa na cc zinazokaribiana, lakini kadiri mwinuko unavyoongezeka ndivyo moja linavyoachwa nyuma.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba farasi hutokana na hewa uko hapa hapa kaunti ya Nakuru, kule Naivasha. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, magari yaliyokuja yalikuwa na injini za lita 1.6 zenye turbo, ujazo unaokaribia wa magari ya kawaida ya familia, lakini zikiwa na farasi 380. Wenye sheria za mashindano hawakuwahesabu farasi mmoja mmoja ili kuwadhibiti. Waliweka pete yenye tundu jembamba kwenye njia ya hewa, na hewa yote ya injini lazima ipite hapo. Kabla ya mwaka 2017 tundu hilo lilikuwa milimita 33, na nguvu ilikuwa farasi 300 na kitu. Mwaka 2017 wakalipanua hadi milimita 36, na injini ya ujazo uleule ikapanda hadi 380. Milimita tatu za tundu.

Kutafuta nguvu kwa vipimo vya injini peke yake si jambo geni, na limewahi kuharibu mambo. Mwaka 1910 Uingereza ilianza kutoza kodi ya magari kwa "farasi" waliokokotolewa kwa upana wa silinda na idadi yake tu, bila kuangalia pistoni inasafiri urefu gani wala injini inazunguka mara ngapi. Watengenezaji wakaanza kutengeneza silinda nyembamba na ndefu ili kukwepa kodi, na injini zikawa hivyo kwa miongo kadhaa. Austin Seven ilipata jina lake kwa farasi hao saba wa kodi, ilhali injini yake ya 747 cc ilitoa farasi kama kumi.

Neno moja kuhusu kuvuta, kwa sababu mtu ataniuliza: trekta la farasi 47 linavuta trela la miwa matopeni, na Subaru ya farasi 280 haiwezi, imekuwaje? Farasi ni kazi kwa muda. Torki ni nguvu ya kusokota. Trekta lina gia za chini sana zinazogeuza mizunguko mingi ya injini kuwa mizunguko michache sana ya gurudumu yenye msokoto mkubwa, na lina uzito wa kukanyaga ardhi. Linafanya kazi kidogo kwa sekunde, lakini halishindwi nayo.

Turudi kwa mjomba. Pampu yake ni lita 0.196. Injini za aina hiyo zina gavana, kifaa kinachozizuia zisipite mizunguko 3600. Zidisha 0.196 kwa 3.6 kwa 8: ni 5.6. Jirani ndiye mwenye stika ya kweli. Ili ifike 7.5, injini ingelazimika kuzunguka karibu mara 4800, na gavana haitaruhusu.

Hao farasi wa ziada hutoka wapi basi? Wakati mwingine ni kipimo cha zamani, kilichochukuliwa injini ikiwa uchi, bila kizuia-kelele wala chujio la hewa. Marekani waliachana na upimaji huo kwenye magari mwaka 1972, na namba za matangazo zikashuka ghafla ingawa injini zilikuwa zilezile. Hata Honda GX160, ya 163 cc, iliyouzwa kwa miaka mingi ikiitwa 5.5, sasa inaandikwa 4.8, na jaribu mwenyewe: 0.163 mara 3.6 mara 8 ni 4.7. Wakati mwingine, kwa bidhaa za bei ya chini, namba imechapishwa tu kwa sababu karatasi inapokea chochote.

Wenye jenereta wana la ziada la kukumbuka. Mizunguko 3600 ni ya nchi zenye umeme wa hezi 60. Sisi tuna hezi 50, kwa hiyo jenereta ndogo za kwetu huzunguka mara 3000. Injini ileile ya 163 cc hapo ina farasi 3.9, na ukiiwasha Nakuru toa asilimia 18: imebaki 3.2. Ukinunua jenereta kwa namba ya kwenye boksi kisha ukaiunganisha na friji ya duka, mashine ya kuchomelea na taa kwa pamoja, usilaumu fundi wa umeme.

Nilimsomea mjomba haya yote kwa simu, polepole, yeye akiandika nyuma ya risiti ya pampu. Pale Ahero, mita 1150 hivi, 5.6 yake inabaki kama 5. Alinyamaza kidogo kisha akasema alikuwa amelipa bei ya saba na nusu. Hakuirudisha, kwa sababu inamwagilia na msimu ulikuwa umeshaanza.

Wiki iliyopita amepiga tena. Safari hii alikuwa dukani, anatafuta injini ya dizeli ya kuendesha mashine ya kupura mpunga. Nilimsikia akimuuliza muuzaji ni cc ngapi, na muuzaji akajibu 815. Akauliza inazunguka mara ngapi kwa dakika. Muuzaji alichukua muda, nadhani alikwenda kuisoma kwenye bati, akarudi na 2000. Kukawa kimya, kalamu ikikwaruza karatasi.

"Kumi na tatu," mjomba akaniambia. "Bati lao linasema kumi na mbili. Kwa hawa nanunua."